Kitabu Kilichosomwa Nyumbani: Elimu ya Wazazi na Kiingereza cha Watoto Wetu katika Miaka Mia Moja

Ni desturi ya vitabu vya jubilei kueleza habari za kengele, mawe ya msingi, na wachungaji waliotutangulia. Kurasa hizi zinahusu jambo la nyumbani zaidi, nalo halikosekani katika kikao chochote cha wazazi kila Januari inapokaribia: je, mtoto ambaye mama yake aliishia darasa la saba, au hakufika hata huko, anaweza kukijua Kiingereza kama mtoto wa mwalimu au wa daktari? Si swali la udadisi tu. Kwa sababu ya swali hili sharika nyingi za miteremko ya Kilimanjaro zimebadili shule zao za chekechea kuwa za Kiingereza, na nyingine zinatafakari kufanya hivyo. Uamuzi huo unagusa watoto wa Washarika wote, wenye nacho na wasio nacho, na ingefaa ufanywe kwa kukumbuka yaliyotukia.

Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, Kiingereza hakikuwa katika hesabu zao. Serikali ya Wajerumani iliendesha shughuli zake za chini kwa Kiswahili, na wamisionari wenyewe waliipenda lugha ya wenyeji. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kuishi Old Moshi hadi mwaka 1938, aliamini kwamba Injili itashika mizizi kwa Wachagga kwa lugha waliyonyonya pamoja na maziwa ya mama, akalitafsiri Agano Jipya katika Kichagga cha huko. Kwa hiyo wasomaji wa kwanza wa nchi hii ya migomba walijifunza herufi kwa maneno waliyoyaelewa. Mtu aliyejiandaa kwa Ubatizo au Kipaimara alikaa chini ya mwinjilisti, akasoma, akakariri, akaulizwa. Katekisimo Ndogo yenyewe, iliyotolewa na Luther mwaka 1529, imeandikwa kana kwamba mwalimu ni mkuu wa nyumba: kila sehemu inaeleza jinsi anavyopaswa kuwafundisha jamaa yake. Hivyo wazo la mzazi kuwa mwalimu wa kwanza tulilipokea katika kitabu kilekile tulichokitumia kujifunza Amri Kumi.

Vita Kuu ya Kwanza iligeuza mambo. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini mwaka 1920, na kwa muda kazi ya sharika na ya shule ilibebwa na walimu na wainjilisti Waafrika, wakisaidiwa baadaye na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, hata Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Ndicho kipindi ambacho sharika nyingi zinazotimiza miaka mia moja katika siku zetu zilizaliwa. Nchi sasa ilikuwa chini ya Waingereza. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924, na sheria ya elimu ya Waafrika ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu wa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti ya serikali. Kiswahili kilikuwa lugha ya madarasa ya chini. Kiingereza kilikaa juu, katika madarasa machache yaliyofungua mlango wa ukarani, ualimu na utabibu.

Wazazi waliuona mlango huo mara moja. Walitaka Kiingereza, na walikitaka kwa sauti kubwa kuliko wamisionari walivyopenda. Gutmann na wenzake waliogopa kwamba elimu ya namna hiyo ingemng'oa kijana katika ukoo wake. Hofu yao haikuwa ya bure, lakini kwa maoni yangu wazazi ndio walioona vizuri zaidi. Mzee aliyetia alama ya kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa alijua hasa ni kitu gani anachokosa.

Fedha zilipatikana kwa kahawa. Chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU. Kahawa iliwawezesha hata wasiosoma kulipa ada, na hilo ni jambo kubwa katika historia hii, kwa kuwa linatuwezesha kutenganisha vitu viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa: fedha ya mzazi na elimu ya mzazi. Kilimanjaro ya wakati ule ilikuwa na baba wengi wenye kihamba kizuri cha kahawa ambao hawakuwa wameshika kalamu kamwe, na ilikuwa pia na wainjilisti wenye miaka minne ya shule na mshahara mdogo mno.

Basi ni watoto wa nani waliovuka darasa la nne, wakaingia katika madarasa ya Kiingereza? Wa wakulima walikuwapo, na si wachache. Hata hivyo, mtu akiuliza habari za wasomi wa kwanza wa miteremko hii, mara kwa mara atakutana na jibu lilelile: baba alikuwa mwalimu, baba alikuwa mwinjilisti, baba alikuwa karani wa Mangi. Hapa ndipo inapofaa tutulie kidogo, kwa sababu jambo lenyewe hueleweka vibaya. Mwinjilisti wa miaka minne ya shule hakuwa na Kiingereza. Hakuweza kumsahihishia mtoto wake sentensi hata moja ya lugha ile. Alichokuwa nacho ni kitu kingine. Nyumbani mwake palikuwa na kitabu, hata kama ni Agano Jipya, kitabu cha nyimbo na Katekisimo tu. Palikuwa na taa iliyowashwa jioni kwa ajili ya kusoma. Mtoto alimwona mtu mzima akitazama ukurasa kimya, kisha akasoma kwa sauti, kisha akauliza, "Neno hili lina maana gani?" Alizoea kwamba maandishi yana maana inayotafutwa, na kwamba mtu anaweza kuulizwa juu ya alichosoma na akatakiwa kujibu kwa utaratibu. Siku aliyokutana na Kiingereza, ni maneno yaliyokuwa mapya. Kazi yenyewe ya kusoma aliijua.

Zaidi ya hayo, mzazi huyo aliijua shule ilivyo. Alijua kwamba kuna mtihani na kwamba nafasi ni chache. Alijua kumwendea mwalimu na kumwuliza, tena bila woga, kwa nini mtoto amerudi nyuma. Hakumwita mtoto kwenda kukata majani ya ng'ombe siku ya mtihani. Mambo haya yanaonekana madogo mno kuandikwa katika kitabu cha jubilei, lakini ndiyo yaliyoamua nani aendelee na nani arudi shambani.

Kuna atakayepinga kwa kumtaja Mwalimu Nyerere, na pingamizi hilo ni la haki. Baba yake, Mtemi Burito wa Wazanaki, hakusoma. Mwalimu alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka kama kumi na miwili, akaingia Tabora mwaka 1937, akahitimu shahada ya M.A. Edinburgh mwaka 1952, na baadaye akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Nani aliyekishika Kiingereza kuliko yeye? Ni kweli kabisa, na ni vema tusisahau kwamba kizazi kizima cha wasomi wa kwanza wa Tanganyika kilitoka katika nyumba zisizo na kitabu. Lakini yafaa ikumbukwe pia kwamba walikuwa wachache, kwamba walichujwa kwa mitihani mikali, kwamba wengi wao waliishi bweni ambako walimu walichukua nafasi ya wazazi usiku na mchana, na kwamba mtoto wa Mtemi alipelekwa shule kwa sababu baba yake ni Mtemi. Mfano wao unaonyesha kwamba elimu ya mzazi si hukumu. Hauonyeshi kwamba haina uzito.

Kuhusu akina mama, historia zilizoandikwa zimekuwa bahili. Wasichana waliondolewa shule mapema, wengi baada ya madarasa machache, na watu wakasema wamesoma bure. Utafiti wa miaka ya karibuni unakanusha kauli hiyo. Robert LeVine na wenzake walichunguza akina mama wa Meksiko, Nepal, Venezuela na Zambia, wakatoa matokeo yao katika kitabu mwaka 2012. Waliona kwamba hata miaka michache ya shule humwachia mwanamke uwezo wa kuelewa lugha ya ofisini na ya darasani, ile inayotumiwa na mwalimu, na muuguzi, na mtangazaji wa redio. Mama huyo kliniki hukaa kama mwanafunzi, akasikiliza na kuuliza. Nyumbani hukaa kama mwalimu, akazungumza na mtoto mchanga, akamwuliza na kumjibu. Hakuna anayesema kwamba akina mama hao walijua lugha ya kigeni. Kilichobadilika ni namna wanavyozungumza na watoto wao. Nikisoma hayo nawakumbuka bibi zetu wa darasa la Kipaimara, waliokuwa wakishika Katekisimo na kumsomesha mjukuu jikoni huku ndizi zikichemka, na ambao hakuna cheti kinachowataja.

Baada ya Uhuru mambo mawili yalitokea karibu kwa pamoja, nayo yalivuta kila moja upande wake. Mwaka 1967, katika mwaka uleule wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na Kiingereza kikabaki somo. Kisha serikali ilizitwaa shule za misheni, zikiwemo zile ambazo wazee wetu walibebea mawe kichwani. Uchungu wa jambo hilo umeelezwa na wengine. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa Uhuru, watu wazima kama watatu kati ya wanne, au zaidi, hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 wasiojua walikuwa 39 kati ya 100, na mwaka 1986 walikuwa kama 10. Mataifa machache yamewahi kufanya kazi kama hiyo kwa muda mfupi namna hiyo. Wazazi wengi walisoma jioni, baadhi yao katika majengo ya kanisa, wakiwa na watoto mgongoni.

Kwa hesabu ya kawaida, watoto wa wazazi hao walipaswa kukijua Kiingereza kuliko watangulizi wao. Haikuwa hivyo. Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyoamuliwa Musoma mwaka 1974, ilijaza madarasa upesi kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa, na wengi waliopewa kufundisha Kiingereza hawakukijua wenyewe. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari kilikuwa chini kiasi kwamba hakikufaa kujifunzia masomo mengine. Tume ya Makweta ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Serikali haikukubali, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alitetea Kiingereza kibaki. Nayaeleza haya kwa sababu yanaweka mpaka wa hoja ninayoijenga. Mzazi anayesoma humpa mtoto msingi, lakini hawezi kuziba pengo la mwalimu asiyekuwepo. Mtoto anayesoma vizuri Kiswahili, akiwa mbele ya mtu asiyeweza kutamka sentensi ya Kiingereza, hatajifunza Kiingereza.

Wazazi wenye uwezo hawakungoja. Katika miaka ya 1980 na 1990 wengi wa Kilimanjaro waliwavusha watoto mpaka kwenda Kenya, na baadaye Uganda, na mabasi ya kufungua shule yakawa sehemu ya kalenda yetu. Milango ya shule binafsi za msingi za Kiingereza ilipofunguliwa nchini katika miaka ya 1990, zilienea haraka, na taasisi za dini, zikiwemo za Kilutheri, hazikubaki nyuma. Hakuna sababu ya kuzilaumu. Zimelea watoto wengi vizuri, zimewapa walimu ajira, na baadhi zimeisaidia mifuko ya sharika.

Lakini ni hapa pia ambapo elimu ya mzazi na fedha ya mzazi, vilivyokuwa vimetengana katika siku za kahawa, viliungana. Kazi ya nyumbani ya mtoto wa darasa la tatu huja kwa Kiingereza: taja sehemu za mmea, eleza mzunguko wa maji. Mzazi aliyesoma humketisha mtoto akamweleza. Mzazi wa darasa la saba huitazama, huona tiki na mikwaju ya kalamu nyekundu, na hapo basi. Mwenye fedha hulipa tuisheni. Asiye nazo hukaa kimya, na mtoto huanza kuamini kwamba mama hajui kitu. Barua za shule nazo huandikwa kwa Kiingereza, hata zile za kumwita mzazi kwenye mkutano wa kuzungumzia maendeleo ya mtoto! Matokeo yake ni kwamba kipawa kile alichokuwa nacho mwinjilisti wa mwaka 1930, yaani kuweza kumwuliza mtoto juu ya alichosoma, kimeondolewa mikononi mwa mama ambaye amesoma miaka mingi kuliko mwinjilisti yule.

Tathmini za Uwezo, zilizoanza kufanyika nchini mwaka 2010, ziliwapima watoto majumbani kwa kazi za kiwango cha darasa la pili. Kiingereza kilikuwa nyuma sana ya Kiswahili, na watoto wa akina mama waliosoma walikuwa mbele ya wenzao. Wengine hulisoma tokeo hili la pili kama amri ya kutoka mbinguni, kana kwamba mtoto wa asiyesoma amekwisha kupangiwa nafasi yake. Mimi nalisoma kwa kuuliza ni kitu gani hasa kinachopita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Jim Cummins wa Kanada alieleza tangu mwaka 1979 kwamba ujuzi wa kusoma na kufikiri uliojengwa katika lugha ya kwanza huhamia katika lugha ya pili, ikiwa hiyo ya pili inafundishwa vizuri. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na watafiti wenzake wa mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002, wamesisitiza tofauti ambayo wazazi wengi huichanganya: kukifundisha Kiingereza vizuri kama somo ni jambo moja, na kuyafundisha masomo yote kwa Kiingereza ni jambo jingine. Mtoto anaweza kulipata la pili na kulikosa la kwanza.

Nitaje pia desturi moja inayoenea miongoni mwa waliosoma kidogo na kutamani sana. Baba anarudi kazini, anakataza Kiswahili mezani, na anazungumza na watoto Kiingereza cha maneno hamsini: njoo, kaa, kula, lala. Mtoto aliyekuwa akisimuliwa hadithi ya Sungura na Fisi kwa saa nzima sasa anaamriwa kwa maneno mawili mawili. Nyumba iliyokuwa na lugha tajiri imejitia ufukara kwa hiari. Wahehe na Wasukuma, Wapare na Wachagga wanaokutana mijini wana Kiswahili kizuri cha kuwapa watoto wao, na hicho ndicho kingembeba mtoto.

Hadi sasa sekondari nchini hufundishwa kwa Kiingereza, na ada ya sekondari za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016, kwa hiyo watoto wengi zaidi wa wazazi wasiosoma wanaingia kidato cha kwanza kutoka shule za msingi za Kiswahili. Hupewa wiki chache za kujiandaa, kisha fizikia, historia na jiografia huwashukia kwa lugha wasiyoizoea. Hao ni watoto wetu. Wanaimba katika kwaya ya vijana na wanasimama madhabahuni siku ya Kipaimara.

Kwa hiyo, pale ambapo baraza la wazee linajadili chekechea ya usharika iwe ya lugha gani, nashauri mambo ambayo hayahitaji mfadhili. Mtoto na asomeshwe kwanza kwa Kiswahili hadi asome kwa ufasaha, huku Kiingereza kikifundishwa kila siku kama somo na mwalimu anayekijua kweli. Huyo ndiye wa kutafutwa na kulipwa vizuri, kabla ya rangi za majengo. Barua zote za wazazi na taarifa za maendeleo ziandikwe kwa Kiswahili, hata katika shule zilizokwisha kuwa za Kiingereza. Na darasa la Kipaimara, ambalo kwa miaka hiyo mia lilikuwa shule ya kusoma ya watu wengi, lirudishe zoezi la zamani: kijana aende nyumbani na ukurasa, amsomee mama au bibi kwa sauti, naye mama amwulize maswali matatu na kutia sahihi yake chini. Mama asiyejua kusoma aweza kuuliza maswali matatu. Sahihi ataifundishwa na kijana.